Wanawake wa Kazi na Mabweni ya Kiangazi

Katika wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, mwezi Juni una mambo mawili yanayokwenda sambamba bila kukutana. Shule zinafunga, wanafunzi wa bweni wanarudi kwao, na vitanda vinabaki bila mtu wa kuvilalia kwa majuma kadhaa. Wakati huohuo, majumbani, tumbaku iliyokwisha kukaushwa inashushwa kwenye vijiti na kuchambuliwa jani kwa jani: la chini ya mmea linawekwa mbali na la katikati, la katikati mbali na la juu, lenye rangi ya limau mbali na lenye rangi ya chungwa, lililotoboka mbali na zima. Kazi hii inataka macho makali na subira, na sehemu kubwa yake iko mikononi mwa wanawake. Madaraja yakichanganywa, robota zima hushushwa bei mbele ya mteuzi anayepanga madaraja sokoni, na jasho la tangu vitaluni linapotea kwa dakika moja. Hoja yangu ni kwamba wanawake hawa wanastahili vitanda vile: majuma mawili au matatu kila mwaka ya kukaa pamoja mbali na bani la kukaushia tumbaku na mbali na jiko, kujifunza, kulinganisha hali zao na kuamua mambo yao. Wazo hili lina historia ya zaidi ya miaka mia moja katika nchi mbalimbali, na historia hiyo inatuonyesha kilichofanya makongamano ya namna hii yazae matunda na kilichoyaua.

Walioacha kumbukumbu nyingi zaidi za jambo hili ni Wamarekani. Mwanzoni mwa karne ya 20, wasichana na wanawake kwa mamia ya maelfu waliingia viwandani nchini mwao kushona nguo, kufuma vitambaa, kusokota sigara, kufua nguo za watu kwa mashine. Chama cha Kikristo cha wanawake vijana, kinachojulikana duniani kwa herufi YWCA, kilianzisha vilabu vya wasichana wa viwandani mijini, kisha kikawa kinawapeleka wajumbe wa vilabu hivyo kwenye makongamano ya majira ya joto. Nia ya awali ilikuwa ya upole: hewa safi, sala, michezo, mapumziko kwa watu waliochoka. Lakini wanawake waliochoka wakikaa pamoja siku kadhaa huulizana wanalipwa kiasi gani. Mfumaji wa mji mmoja alimkuta mshonaji wa mji mwingine, wakalinganisha saa za kazi, vumbi la kiwandani, tabia za wasimamizi. Mwaka 1920, katika mkutano mkuu wa YWCA uliofanyika Cleveland, wajumbe kutoka viwandani walikuwa miongoni mwa waliokisukuma chama hicho kuunga mkono haki ya wafanyakazi kujadiliana na waajiri kwa pamoja. Baadhi ya matajiri waliozoea kukichangia walikasirika. Makambi yaliyoanza kama mapumziko yalikuwa yamezaa msimamo.

Mwaka uliofuata, 1921, M. Carey Thomas, rais wa chuo cha wanawake cha Bryn Mawr huko Pennsylvania, alifungua milango ya chuo chake kwa wafanyakazi wakati wanafunzi wa kawaida wakiwa likizo. Chuo hicho kilikuwa cha mabinti wa watu wenye uwezo, chenye majengo ya mawe na maktaba kubwa. Kwa majuma 8, vyumba vyake vilikaliwa na wanawake waliokuwa wameacha shule wakiwa wadogo ili wakafanye kazi. Chini ya mkurugenzi Hilda Worthington Smith walisoma uchumi, historia, sayansi na uandishi. Hadi mwaka 1938 wanawake wapatao 1,700 walikuwa wamepitia hapo, na shule nyingine zilizaliwa kwa mfano wake, ya Wisconsin mwaka 1925 na ile ya majimbo ya kusini mwaka 1927. Rose Pesotta, mshonaji aliyekuja kuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa chama cha washonaji wa nguo za wanawake, ni mmoja wa waliopita Bryn Mawr.

Ukiuliza ni somo gani lililowabadilisha, jibu haliko kwenye ratiba ya vipindi. Uchumi ungeweza kufundishwa jioni katika ukumbi wowote wa mjini, na kwa kweli ulifundishwa. Kilichokuwa kipya ni kulala chumba kimoja na mtu wa kazi nyingine, wa mji mwingine, wa dini nyingine. Mwanamke aliyeambiwa miaka yote kwamba mshahara wake mdogo unatokana na uzembe wake mwenyewe alimkuta mwenzake mwenye bidii zote na mshahara uleule, na usiku ule lawama ilihamia kwingine. Majira ya kwanza kabisa hayakuwa yamekwisha wakati wanafunzi hawa walipodai mambo mawili. La kwanza, watumishi wa chuo waliokuwa wakiwapikia na kuwasafishia vyumba nao wapewe siku ya kazi ya saa 8. La pili, kamati inayoendesha shule iwe na wafanyakazi kwa nusu ya viti vyake. Baadaye walidai pia wanawake weusi wapokelewe, na kuanzia mwaka 1926 walipokelewa, katika chuo ambacho wakati huo hakikuwa kikiwapokea kwa masomo ya kawaida kwa urahisi hata kidogo. Hakuna mhadhiri aliyewapangia madai hayo. Yalitoka bwenini, kwa watu waliokula pamoja na kukesha wakizungumza.

Ulaya Kaskazini ilifika kwenye jambo hilohilo kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyokuja hadi Urambo. Nchini Denmark, mchungaji na mshairi N. F. S. Grundtvig alihubiri kwamba watu wa shambani wanahitaji vyuo vya kuishi ndani, visivyo na mitihani, ambako watu wazima hujifunza kwa mazungumzo. Chuo cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Vyuo hivyo vilipoenea vilifuata kalenda ya shamba badala ya kuliambia shamba lifuate kalenda ya chuo: vijana wa kiume walikaa chuoni miezi ya baridi, shamba likiwa limelala, na wasichana walikuja miezi ya joto. Waanzilishi walielewa kwamba kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono, tarehe ya kufungua chuo ndiyo inayoamua nani ataingia na nani atabaki nje. Mtaala mzuri hauna maana kwa mtu aliyeshindwa kuhudhuria.

Wazo hilo lilivuka kwenda Uswidi, ambako vyuo vya namna hiyo vilianza mwaka 1868, na karne moja baadaye Mwalimu Nyerere alivutiwa nalo. Tanzania ilikuwa tayari na Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa Ruskin, chuo cha wafanyakazi cha Oxford, lakini Kivukoni kilikuwa kimoja tena kiko Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Uswidi, Serikali ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi hadi vikapita 50 nchi nzima. Mkoa wa Tabora ulipata cha Urambo, cha Sikonge na cha Mwanhala wilayani Nzega. Kwa hiyo Urambo haihitaji kuanza kutoka sifuri. Wazo la Rødding lina tawi lake palepale wilayani, lenye madarasa, karakana na mabweni. Kinachokosekana ni lile jambo la tarehe. Vyuo vyetu vimeegemea zaidi kozi ndefu za ufundi kwa vijana, nami sizibezi hata kidogo, kwani fundi cherehani na fundi uashi wanahitajika. Lakini mwanamke wa miaka 40 mwenye ekari za tumbaku hawezi kuwa mwanafunzi wa miaka miwili. Anaweza kuwa mgeni wa majuma mawili, mradi majuma hayo yachaguliwe kwa kuangalia kazi zake.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la kigeni, kwamba mwanamke wa huku hajazoea kuondoka nyumbani kwenda kukaa mbali. Historia ya njia ya Tabora na Ujiji inasema vingine. Wanyamwezi wa huku walikuwa watu wa safari, na safari zao zilikuwa za kiangazi: mavuno yakishaingia ghalani, misafara ilishuka pwani na pembe na nta, ikajitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Wanawake walikuwamo. Wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 waliwaandika mara nyingi, na mwanahistoria Stephen Rockel amezikusanya habari zao: walibeba mizigo ya kaya, walipika kambini, walipika pombe na kuiuza, walifanya biashara zao ndogo njiani, na baadhi waliungana na msafara ili kuondoka katika ndoa mbaya au utumwa. Katika nchi ya Mtemi Mirambo, ambaye jina la Urambo limebaki kuwa kumbukumbu yake, mwanamke aliyeondoka kiangazi na kurudi na habari za mbali hakuwa kitu cha ajabu. Kilichokuja kumfunga nyumbani ni kilimo cha biashara kilichoongeza kazi za mikono kila mwezi wa mwaka, na tumbaku ndiyo iliyoongoza.

Baada ya uhuru, taifa letu lilishika sana mikutano ya wanawake, na yenye uzito mkubwa ilifanyika kiangazi. Julai 1962 wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kuunda jumuiya yao ya bara zima, na ndiyo maana Siku ya Wanawake wa Afrika huadhimishwa tarehe 31 Julai. Mwaka huohuo uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika chini ya Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa amewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kupitia vikundi vya ngoma, yaani kupitia mahali ambapo wauza vitumbua na wapika pombe walikuwa wakikutana wenyewe tayari. Kwa jirani zetu, Julai 1985 Nairobi ilipokea mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake, na jukwaa la asasi zisizo za kiserikali lililokwenda sambamba nao lilikusanya watu wapatao 14,000. Tangu mwaka 1996 Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, umekuwa ukiandaa Tamasha la Jinsia, ambalo kwa miaka mingi limefanyika katika viwanja vyake vya Mabibo, Dar es Salaam, na wanawake wa vijijini wamekuwa wakisafirishwa kulihudhuria. Tamasha hilo nalithamini kuliko mkutano mwingine wowote wa nchi hii, kwa sababu mchimba chumvi na mwalimu wa chuo kikuu hukaa kwenye hema moja. Lakini Urambo iko takribani kilomita 900 kutoka Mabibo kwa reli, na kijiji kinaweza kumtuma mjumbe mmoja, kama kinamtuma. Mjumbe mmoja akirudi hana wa kushuhudia naye aliyoyasikia. Mkutano wa mbali huzaa wawakilishi. Wilaya inahitaji kongamano litakaloingiza wanawake kumi wa kijiji kimoja kwa wakati mmoja, ili wakirudi wawe kundi.

Kizuizi kikubwa zaidi kiko kwenye swali la nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Itasemwa kwamba makongamano ya Marekani yalikuwa ya watu wa mishahara, na kwamba mwanamke wa Urambo ni mkulima, au tena ni mke wa mkulima, hivyo hana mwajiri wa kudaiwa wala saa za kupunguzwa. Kisheria hilo ni kweli, na ndilo tatizo lenyewe. Tazama mwaka wake. Anasia mbegu vitaluni, anamwagilia, anahamishia miche shambani mvua zikianza, anapalilia, anakata vikonyo, anavuna kuanzia majani ya chini kupanda juu, anafunga majani kwenye vijiti, anapokezana zamu ya moto wa bani usiku na mchana karibu juma zima kwa kila mkupuo, kisha anachambua madaraja. Pembejeo zimekopwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, mkataba wa kuuza umefungwa na kampuni, bei inategemea daraja analotamka mteuzi. Hiyo ni kazi yenye nidhamu ya kiwanda katika kila hatua, isipokuwa kwamba haina karatasi ya mshahara. Mara nyingi mwanachama wa ushirika ni mume, akaunti ni ya mume, na malipo ya mwaka mzima huingia kwa mkupuo kwenye jina hilo moja. Mwalimu wa shule ya msingi wa Urambo ana chama chake cha wafanyakazi, na Margaret Sitta, aliyepata kuwa rais wa Chama cha Walimu Tanzania, akafika kuwa waziri wa elimu mwaka 2006 na baadaye mbunge wa Urambo, ni ushahidi kwamba vyama hivyo vinaweza kumfikisha mwanamke mbali. Mchambuaji wa tumbaku hana chama cha namna hiyo. Mei Mosi si yake, na Nanenane, sikukuu ya wakulima ya mwezi Agosti, humkuta akiwa mtazamaji wa mabanda kwa siku moja, ikiwa ana nauli ya kufika Tabora.

Basi kongamano lingempa nini? Jambo la kwanza ni afya. Majani mabichi yenye umande au mvua hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mvunaji hupata kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika. Ni ugonjwa unaojulikana kitaalamu, na kinga yake huanzia kwenye mambo mepesi: kuvaa mikono mirefu na glavu, kungoja majani yakauke maji, kubadili nguo zilizolowa. Kila mwanamke akiwa kwake peke yake hudhani ni malaria, au ujauzito, au udhaifu wake. Kumi wakikaa pamoja jioni moja wataona kwamba wote huugua siku zilezile za mvuno. Jambo la pili ni sheria. Tangu mwaka 1971 Sheria ya Ndoa inaruhusu mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Wapo wanawake waliochambua tumbaku maisha yao yote bila kuwahi kusikia hukumu hiyo. Jambo la tatu ni ushirika wenyewe: masharti ya uanachama, namna ya kusoma hesabu za chama, haki ya kuuliza makato ya kila kilo yamekwenda wapi. Mke anaweza kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Kuingia mkutanoni peke yake na kulitamka hilo ni kazi ngumu, lakini wakiingia ishirini waliokwisha kulizungumza bwenini, mwenyekiti atasikiliza.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito wote, nalo ni la posho. Watanzania wameziona semina nyingi ambazo mtu alijiandikisha, akanywa chai, akasaini fomu, akaondoka na bahasha, na kijijini hakikubadilika kitu. Anayeogopa kongamano la wanawake litaishia hapo ana sababu. Lakini semina ya posho na kongamano la bwenini hutofautiana katika fedha zenyewe. Posho humlipa mtu kwa kuja kukaa. Fedha ya kongamano inapaswa kulipia kazi aliyoiacha: kibarua wa kushika nafasi yake kwenye uchambuzi, mtu wa kuchota maji na kupika. Bryn Mawr ilikosea hapo. Ufadhili wake ulilipa chakula, malazi na masomo, haukufidia mshahara uliopotea, na wapo waliolazimika kuacha kazi zao ili waende. Matokeo yake ni kwamba wanawake wenye watoto na wenye wazazi wa kuwatunza walikuwa wachache, na shule ikawa zaidi ya wasichana wasio na majukumu. Fidia ikilipwa kwa kibarua moja kwa moja kijijini, hakuna bahasha ya kugombewa, na anayekwenda ni yule ambaye kazi yake ina uzito nyumbani.

Wengine watauliza kwa nini tusitumie VICOBA, vilivyoko karibu kila kijiji, au simu ya mkononi, inayofikisha somo hadi shambani. Vyote viwili vina kazi yake. VICOBA vimemfundisha mwanamke kuweka na kukopa, na ndani yake amejifunza kuongoza kikao na kutunza daftari. Lakini kikao chake ni cha saa moja au mbili, kati ya majirani, na mara nyingi wifi na mama mkwe wamo kwenye duara. Swali la nani anashika fedha ya tumbaku haliwezi kuulizwa hapo kwa sauti. Simu nayo huleta habari bila kuleta mtu wa kuitafakari naye, na kwenye nyumba yenye simu moja mwenye simu anajulikana ni nani. Bweni lina kitu ambacho vingine havina: umbali kidogo kutoka kwa watu wanaotusikiliza kila siku, na muda wa kutosha ili mwoga wa siku ya kwanza awe msemaji siku ya nane.

Kuhusu watoto, njia imekwisha kupatikana hapahapa nchini. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kushirikiana na shirika la Karibu Tanzania, vimekuwa vikiwapokea mama vijana waliokatishwa shule pamoja na watoto wao, mama akiwa darasani na mtoto akiwa kwenye kituo cha kulelea palepale chuoni. Programu hiyo inaitwa Elimu Haina Mwisho. Anayesema bweni haliwezi kupokea mama mwenye mtoto mgongoni atakuta vyuo vinafanya hivyo. Kuhusu waume, sioni faida ya kuficha kwamba baadhi watakataa. Wengine watakubali kwa sababu ya hesabu tu, wakiona kwamba mke aliyefundishwa madaraja na mteuzi mwenyewe hupunguza marobota yanayoshushwa bei. Sababu hiyo siipendi kuliko nyingine, kwa kuwa haki ya mwanamke kujifunza haitegemei faida ya mume, lakini mlango ukifunguka kwa sababu hiyo, wanawake wapite.

Sasa lirudi suala la tarehe, ambalo kwa Urambo ni gumu kuliko lilivyokuwa Denmark. Juni mabweni ya sekondari ni matupu, lakini ni mwezi wa uchambuzi na masoko. Septemba mikono inarudi vitaluni. Novemba hadi Aprili ni mvua, na hakuna wa kuondoka. Mikutano mingi ya nchi hii imepangwa bila kulijali hilo. Hata mkutano mkuu wa TANU wa Tabora, ambao uamuzi wake wa kukubali uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, uliifungulia Tanganyika njia ya uhuru, ulifanyika Januari 1958, mwezi ambao mkulima wa Unyamwezi yuko shambani tangu alfajiri. Urambo inajua kuliko wilaya nyingi gharama ya kupanga mambo kwa kalenda ya mtu mwingine. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, matrekta na mahesabu kutoka London, wakafyeka pori la Urambo kama walivyofyeka Kongwa na Nachingwea bila kujifunza kwanza udongo na mvua za hapa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Tumbaku iliingia kwenye mashamba hayohayo baadaye.

Kwa ninavyoona, zimebaki nafasi mbili. Moja ni Juni, kwenye mabweni ya shule, kwa sharti la kulipa vibarua wa uchambuzi, na hiyo ina uzuri wa kuwa na vitanda vingi kwa gharama ndogo. Ya pili ni majuma yanayofuata Nanenane, kati ya mwisho wa masoko na kusia mbegu, kwenye chuo cha Urambo chenyewe, kwa idadi ndogo zaidi ya watu. Naelekea kwenye hii ya pili. Hiyo ndiyo miezi ambayo malipo ya tumbaku huwa yanasubiriwa au yamefika, na mazungumzo juu ya fedha hayatakuwa ya nadharia. Mfadhili wa kwanza awe ushirika, kwa sehemu ndogo ya makato ambayo tayari hukatwa kwa kila kilo, maana kilo hizo zimepita mikononi mwa wanawake hawa. Mfadhili wa nje akaribishwe baadaye, na kwa hadhari. Bryn Mawr iliponzwa na waliomiliki majengo: walimu wawili walipokwenda kuangalia mgomo wa wafanyakazi wa mashamba mwaka 1934, bodi ya chuo ilikasirika, mwaka uliofuata shule ikalazimika kufanyika mahali pengine, na baada ya majira ya joto ya 1938 ikaondoka chuoni hapo moja kwa moja. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi ni cha umma, na ndiyo sababu nyingine ya kukichagua. Kamati ya maandalizi iwe na nusu ya viti vya wanawake wanaofunga na kuchambua tumbaku, wachaguliwe vijijini kwao kabla ya mtu yeyote kuandika ratiba, na ajenda ya kikao chao cha kwanza iwe kuchagua kati ya Juni na Agosti.